Chumba cha Kijani

"Mwali wa siku ya pili hatapiki," Shangazi Kadzo alisema pale mlangoni, kwa sauti ya kufika hadi jikoni. "Huyu amekuja na mzigo wake."

Nilikuwa nimeinamia beseni, kichwa kinanigonga, macho yananiwasha. Mume wangu Othman alinishika mabega. Shangazi akavuta mlango, akatufungia.

Tulikuwa kwenye fungate. Siku saba maharusi hawatoki chumbani, chakula huletewa mlangoni. Na mwaka ule, bendera ya uhuru haijatimiza hata mwaka, Msambweni bado ilikuwa na jambo moja tu la kusema juu ya bibi harusi aliyetoka kabla ya siku zake: hakukutwa mzima.

Shangazi ndiye aliyemlea Othman, na alitaka chumba chetu kishinde vyumba vyote vya mtaa. Othman alikuwa fundi rangi kwenye mahoteli ya Diani. Shangazi akachukua kopo la rangi ya mafuta lililobaki kwenye kazi zake, rangi ya kijani, akaizimua kwa tapentaini, akapaka kuta na dari mkesha wa harusi, kisha akafunga madirisha vumbi lisinate. Harufu ilipokataa kutoka, akaingiza chetezo cha udi na makaa yake. Othman mwenyewe hakuruhusiwa hata kuchungulia.

Jana yake, tulipoingizwa baada ya alasiri, Othman alinusa mara moja tu akaenda dirishani. Mimi ndiye niliyemshika mkono. Nikamsihi asifungue, majirani watasema bibi harusi anatafuta njia ya kutorokea. Akanisikiliza. Kosa hilo nalibeba mwenyewe.

Sasa somo wangu, Bi Mbodze, aliyenifunda mambo ya ndoa, akaingia na uji, na kikaratasi ndani ya leso.

"Bi Kadzo amenituma nikipeleke Gazi kwa mama yako," akasema. "Nikipeleke au nikichane?"

Othman akakisoma kwa sauti ya chini:

"Njoo umchukue mwanao kabla ya adhuhuri. Sisi hatukuoa watu wawili."

Nikalia. Othman akakikunja kikaratasi, akakitia mfukoni.

"Vaa buibui, Mwanamkuu. Tunatoka."

"Siku ya pili, Othman? Watasema nini?"

"Watasema. Lakini wewe utakuwa unapumua." Akanifuta uso kwa kanga. "Diani tukimaliza chumba, madirisha huachwa wazi siku nyingi, na hapana mtu anayelala humo. Kulikuwa na mgeni mmoja mwenye haraka, akalala usiku mmoja tu. Asubuhi alitapika kama wewe. Na yule alikuwa mwanamume mwenye ndevu."

Nilicheka huku nikilia. Akanishika mkono, akanipitisha katikati ya wanawake wote waliojaa ukumbini, mchana kweupe, taratibu, kama anayenionyesha. Akanilaza barazani kwenye mkeka, upande wa upepo. Nimeona wanaume wakiwasifu wake zao kwa dhahabu. Wangu alinisifu kwa kunitoa nje.

Shangazi akaja nyuma yetu.

"Unaitembeza aibu yako, mwanangu?"

"Shangazi, heshima yako iko palepale. Ni rangi ile. Hewa ya mle ndani imeharibika, na makaa ya udi yamezidi kuiharibu."

"Rangi niliyoipaka kwa mikono yangu?"

"Hiyohiyo. Mtu hafungiwi nayo."

"Basi nitakaa humo mimi, kizee. Nikitoka mzima, huyu anarudi kwao leo."

Othman alimzuia, akamwomba, akamshika hata ncha ya kanga. Wapi. Shangazi aliingia, akatia komeo kwa ndani. Othman akasimama nje ya dirisha, kila mara anagonga kumuuliza hali yake, naye anajibu kwa matusi. Mwadhini alipoadhini adhuhuri, matusi yalikuwa yamepungua. Baadaye kidogo hakukuwa na jibu. Othman alikuwa ameshaweka bega mlangoni komeo lilipofunguka.

Shangazi alitoka ameshika ukuta, macho mekundu, kanga puani. Hakufika uani. Alitapikia pale pale mlangoni.

Bi Mbodze akaweka kikombe chake chini.

"Hongera, Bi Kadzo," akasema. "Miezi mingapi?"

Wanawake walicheka hadi wengine wakakaa chini. Othman hakucheka. Alimbeba shangazi yake kama alivyonishika mimi, akamlaza kwenye mkeka ubavuni mwangu, akampepea, akamnywesha maji. Kisha akaingia ndani, akatoa chetezo, akafungua madirisha yote mawili, akatangaza kwamba fungate yetu itamalizikia chumba cha ng'ambo ya ua, na kile cha kijani hakitalaliwa mpaka yeye mwenyewe aridhike nacho. Hapakuwa na mtu aliyebisha.

Upepo ulipokwisha kumrudishia rangi ya uso, shangazi alinigeukia. Aliniambia mimi sina mimba, hilo amelikubali, na atalisema kwa yeyote atakayemuuliza. Lakini watu walikuwa bado wamejaa pale, na kiburi chake kilikuwa kizima.

"Hata hivyo umetoka siku ya pili," akasema. "Fungate ya nyumba hii haijavunjwa tangu bibi yangu. Niombe radhi mbele ya hawa, yaishe."

Kila mtu alinitazama mimi. Othman pia, naye hakunipa ishara yoyote.

"Hapana, shangazi," nikasema. "Nilitoka nipate hewa. Siombi radhi."