Kiti cha Nyuma

Kulikuwa kumekucha kabisa, si usiku wa manane wala nini, pale sauti ilipojibu kwa mara ya kwanza.

Nahodha alikuwa peke yake kwenye boti, kama kawaida yake tangu baba yake azikwe. Alishafungua kitundu cha hewa cha tangi, akabinya kile kipira cha kusukumia mafuta kwenye injini mpaka kikawa kigumu, akahakikisha gia haijaingia, akawasha. Injini ikakohoa, ikakubali. Sasa, usukani uko mbele na injini iko nyuma kabisa, na aliyeshika usukani hawezi kuona kitundu kinachorusha maji yanayopoza injini. Ndiyo maana miaka yote hiyo kazi ilikuwa ya watu wawili. Baba anauliza kutoka mbele, "Maji yanatoka?" Binti ameinama kwenye kiti cha nyuma, anaangalia, anajibu, "Yanatoka!" Bila jibu hilo kamba haifunguliwi, hata abiria waporomoshe matusi.

Baba hayupo tena. Usukani umekuwa wa binti, na nyuma hakuna mtu. Lakini mdomo ukishazoea umezoea. Kila asubuhi aliuliza, akajicheka, kisha akaenda nyuma kuangalia mwenyewe.

Asubuhi ile aliuliza, "Maji yanatoka?"

"Yanatoka."

Jamani! Ilikuwa sauti ya baba yake, na mkwaruzo wake ule ule wa sigara. Nahodha aligeuka, shingo nusura ivunjike. Kiti kitupu. Alikwenda kuangalia akakuta maji yanaruka vizuri tu. Akakaa chini, akalia, na msidhani alilia kwa woga. Alilia kwa furaha. Nyumbani kwake alikuwa anapika chakula cha mtu mmoja, anakila akiwa amesimama, anazima taa, na siku nzima hapati mtu wa kumwambia pole.

Basi akawa anawahi gatini kuliko wote. Anauliza, anajibiwa, roho inatulia. Mwishowe akaacha kwenda nyuma kuangalia. Ya nini, na baba yupo?

Mwalimu, abiria wake wa kila siku, mtu wa utani kupita kiasi, ndiye aliyeanza kunusa. Walikuwa wameshafika katikati ya maji.

"Nahodha, leo umetupikia nini? Mbona panaungua?"

Abiria wakacheka. Nahodha hakucheka. Aliizima injini, akakimbilia nyuma, akakuta kitundu kikavu, kimezibwa na matope, na moshi unapenya kwenye kifuniko cha injini. Mkondo ukaanza kuwasukuma kuelekea kwenye mawe, wanafunzi wanalia, kina mama wamekumbatia watoto wao, mpaka boti nyingine ikaja kuwavuta.

"Baba hajawahi kudanganya kuhusu maji," alimnong'oneza mwalimu walipofika gatini. "Aliyenijibu leo si baba."

Utani wote ulimwisha mwalimu. "Nani amekujibu?"

Akamweleza kila kitu. Siku hiyo hiyo mwalimu akamleta mganga, mama mmoja mnene, mchovu, asiyependa maneno mengi. Mganga aliifukiza boti kuanzia mbele mpaka nyuma, na alipofika kwenye kile kiti moshi wa ubani ukakataa kupanda juu, ukalala palepale kitini. Akausomea kwa sauti ya chini mpaka ukatawanyika.

"Ni jini," alisema. "Hakukufuata, mwanangu. Wewe ndiye uliyemwita. Kila siku unauliza kiti kitupu, naye akaja akakikalia. Nimemtoa. Sasa usiulize tena. Ukiuliza tena, hatakaa kitini."

"Atakaa wapi?"

Mganga alifunga mkoba wake. "Wewe usiulize tu."

Mwalimu, Mungu ambariki, akajitolea kuwa anawahi ili akae nyuma. Akawa ndiye anayeuliza na ndiye anayejibu, kwa kelele za kuamsha mtaa mzima, na hakukosea hata mara moja. Injini ikatengenezwa, abiria wakarudi. Lakini sauti ilikuwa ya mwalimu. Nahodha alirudi nyumbani jioni, akapika chakula cha mtu mmoja, akashindwa kukila. Alimkumbuka baba yake, na, aibu iliyoje, alimkumbuka hata yule mwongo.

Siku moja mwalimu alichelewa. Nahodha aliwasha injini, akaenda nyuma, akainama pale alipokuwa akiinama tangu utotoni, akaona kitundu hakitoi hata tone, na alijua kabisa la kufanya, kuzima, kuchukua waya, kuzibua, lakini gati lilikuwa kimya, kimya kile kile cha nyumbani kwake, na mdomo ukafunguka wenyewe, ukanong'ona, "Maji yanatoka?", na hakuna aliyejibu, ila harufu ya sigara ikapita puani mwake, ikashuka kooni taratibu, nzito na ya moto, ikatulia kifuani kama mtu aliyefika kwake.

Alitaka kukohoa, akashindwa.

Nyayo zikasikika juu ya mbao za gati. Mwalimu alikuwa anakuja mbio, na nyuma yake wanafunzi na kina mama wenye watoto mgongoni.

"Samahani, nahodha, leo usingizi umenishinda! Umeshaangalia? Maji yanatoka?"

Kitundu kilikuwa kikavu mbele ya macho yake. Nahodha aliinua kichwa amwambie mwalimu asipande, asimpandishe mtu, akafungua mdomo kwa nguvu zake zote.

"Yanatoka," ikasema sauti nzito, yenye mkwaruzo.

"Loo! Mafua hayo au umemeza mchanga?" Mwalimu alicheka, akashika mkono wa mtoto wa kwanza, akamvusha ndani ya boti. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, mpaka viti vikajaa.

Machozi yalikuwa yanamtiririka nahodha. Mkono wake ukanyooka, ukafungua kamba.