Shimo Jeusi na Vidonge vya Fundi Rangi

Dobi alikuwa na desturi moja ambayo hakuiacha hata akiwa na homa. Kabla nguo haijagusa maji, aligeuza mifuko yake yote. Wa nyuma, wa mbele, wa kifuani. Humo alishakuta funguo, jino la bandia, na barua ya mapenzi isiyomhusu kabisa mke wa mwenye suruali. Kalamu moja ya wino ikisahauliwa mfukoni, mashati kumi meupe yanageuka ya buluu. Na mteja wa shati jeupe hana simile.

Jumatatu hiyo alianza kazi mapema, uani kwake. Mabeseni matatu yalikuwa yamejipanga kando ya ukuta: la kulowekea, la kufulia na la kusuuzia. Kamba zilikuwa bado tupu. Binti yake wa darasa la pili alikuwa amekaa mlangoni, anafunga viatu polepole kama mtu anayetafuta sababu ya kubaki nyumbani.

"Mama, mwalimu ametupa hesabu. Tuzipeleke Ijumaa. Nizifanye?"

"Kwa nini usizifanye?"

"Si dunia inaisha Alhamisi?"

 Dobi na yeye alikuwa ameusikia ujumbe huo wa simu. Nani hakuusikia? Ulikuwa umeingia kwenye simu za mtaa mzima tangu Alhamisi iliyopita. Sauti nzito ya mwanamume asiyejitaja ilisema wanasayansi wamejenga mashine kubwa chini ya ardhi. Kazi yake ni kugonganisha chembe, vitu vidogo kuliko vumbi. Alhamisi ijayo wataiwasha. Chembe zikigongana litazaliwa shimo jeusi. Shimo hilo litameza mashine, kisha mji, kisha dunia na vyote vilivyomo. "Watumie uwapendao," ilimalizia ile sauti. "Waage mapema."

"Fanya hesabu zako," Dobi alisema mwishowe. "Kama itaisha, isikukute umekaa bure."

Mtoto akaondoka akinung'unika.

Ukutani, kwenye msumari, ilining'inia ovaroli ya mume wake. Mume huyo watu walimwita Fundi Rangi, kwa kuwa nusu ya kuta za mtaa ule zilipita chini ya brashi yake. Ovaroli yake aliifua mwenyewe, kwa tina ya kuyeyushia rangi, mbali na mabeseni ya mkewe. Rangi ya mafuta na shati la mteja haviivi chungu kimoja. Lakini asubuhi hiyo alikuwa amekwenda kupima ukuta wa mtu, na ovaroli ilikuwa imekakamaa kama ubao. Dobi akamwonea huruma. Mume wake alikuwa anatoka kwenye ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kifua kikuu. Miezi mitano iliyopita Fundi Rangi alikohoa mpaka akatema damu. Alikonda, suruali zikawa zinamvuka barabarani. Kliniki walimpima, wakampiga picha ya kifua, wakampa dawa za miezi sita. Kwa sasa alimeza vidonge vitatu kila asubuhi. Kikohozi kilikuwa kimekwisha, na mashavu yalikuwa yamerudi. Ulibaki mwezi mmoja tu.

Dobi akaitwaa ovaroli. Akageuza mifuko. Wa nyuma: brashi ndogo. Wa mbele: kitambaa cha kufutia. Wa kifuani: kipande cha msasa, kimekunjwa vizuri kama pakiti ya karanga.

Akakikunjua.

Ndani mlikuwa na vidonge.

Alivihesabu kwa kidole kilicholowa. Kumi na viwili. Akavihesabu tena, labda macho yamemdanganya. Kumi na viwili. Vitatu kwa siku. Siku nne.

 Alikalia ndoo iliyopinduliwa chini juu, vidonge mkononi. Kila asubuhi alimwona mume wake akiinua kikombe na kumeza. Alimwona kwa macho yake. Kumbe siku nne mtu alikuwa anakunywa maji matupu na kumtabasamia. Bomba lilikuwa wazi. Beseni lilijaa, likafurika, maji yakamfikia vidoleni, naye hana habari.

Hivyo ndivyo Fundi Rangi alivyomkuta aliporudi, mluzi mdomoni.

"Mama, unafua sakafu leo?"

Dobi alifungua kiganja. Mluzi ukakatika.

"Nani kakwambia uguse ovaroli yangu?" Fundi Rangi aliuliza.

"Vidonge hivi vinafanya nini humu?"

Fundi Rangi akafunga bomba. Akajikalisha kwenye kizingiti cha mlango, macho chini.

"Vinanichafua tumbo, mke wangu. Kila asubuhi kichefuchefu. Mkojo mwekundu kama nimekunywa rangi ya mlango. Nimevumilia miezi mitano, hukunisikia. Sasa ujumbe ulipokuja, kama zilibaki siku saba tu, nikasema acha nizimalize nikiisikia ladha ya chai yangu."

"Siku saba za nini?"

"Si mpaka Alhamisi."

Dobi alisimama. "Mtu mzima na ndevu zako! Unaacha dawa kwa maneno ya simu? Nani alikutumia upuuzi ule? Niambie, nikamwoneshe adabu."

Fundi Rangi hakubishana. Alitoa simu, akaifungua taratibu, akampa. Ule ujumbe ulikuwapo. Juu yake lilikuwapo jina la aliyeutuma. Chini yake palikuwa na maneno machache: Mume wangu, sikiliza hii.

Alikuwa yeye.

Akakumbuka. Alhamisi ile alikuwa anapiga pasi. Aliusikiliza mara moja, moyo ukamwenda mbio, na kabla pasi haijapoa alikwisha kuwatumia mume wake na wateja thelathini na mmoja. Hakufikiri. Alibonyeza tu, kama mtu anayefukuza nyuki.  

"Hodi humu ndani!"

Alikuwa mteja wake wa kila Jumatatu, mama mmoja mnene, mcheshi, anayepiga picha za eksirei hospitalini. Mtaa mzima ulimwita Mama Mifupa. Alikuja kuchukua makoti yake meupe. Aliwatazama wale wawili, akatazama maji yaliyotapakaa.

"Mbona kimya hivi? Mmefiwa?"

"Bado," alisema Fundi Rangi. "Tunangoja Alhamisi."

Dobi alimpa mgeni simu na vidonge pamoja. Mama Mifupa alisikiliza ile sauti nzito mpaka mwisho. Kisha akavitazama vidonge, na uso wake ukabadilika. Ucheshi wote ulimtoka.

"Shemeji, siku ngapi?"

"Nne."

"Basi shimo linalotaka kukumeza liko mfukoni mwako. Tuanze na hilo la mashine, kwa sababu najua bila kulifukia hilo hutanisikiliza." Akavuta kigoda. "Umewahi kuingia chumba changu cha eksirei?"

"Si wewe uliyenipiga picha?"

"Ni mimi. Unajua ile mashine yangu inafanya nini? Ndani yake mna chembe ndogo sana. Umeme unazisukuma, zinakimbia kama zimewehuka, zinagonga kipande cha chuma. Pwa! Katika kugonga huko inatoka miale isiyoonekana. Miale hiyo ndiyo iliyopita kifuani mwako."

Fundi Rangi alijishika kifua. "Kwa hiyo mlinigongea chembe mimi?"

"Ziligonga chuma, si wewe. Na ulitoka ukaniuliza kama umependeza kwenye picha."

Dobi alicheka kidogo, kisha akajirudi. "Lakini dada, yako si ndogo? Hiyo ya kwao wanasema inazidi mji."

"Ni kubwa, ndiyo. Ni njia ya duara chini ya ardhi, kilomita ishirini na saba. Mimi si mtaalamu wake, ila nilifundishwa habari zake chuoni. Tena haianzi kuwashwa Alhamisi. Imefanya kazi miaka mingi. Huzimwa kwa matengenezo, huwashwa tena, na kila ikiwashwa watu wanaagana upya."

"Imekwisha kuwashwa?" Dobi alishangaa. "Na tupo?"

"Tupo, na nguo zangu hazijapigwa pasi."

"Na lile shimo jeusi?" Fundi Rangi hakuridhika. "Nalo ni uongo?"

"Mashimo meusi yapo kweli, shemeji, huko mbali angani. Yale tuliyoyapima huko yana uzito wa kushinda jua letu. Uzito huo wote umebanwa mahali padogo, hata mwanga ukiingia hautoki. Sasa pima mwenyewe. Chembe mbili zikigongana katika ile mashine, nguvu yake ni kama ya mbu wachache wanaoruka."

"Mbu?"

"Mbu kumi na wanne hivi, kwa kukupendelea. Ni nguvu nyingi kwa kitu kidogo vile, ndiyo maana wanaichunguza. Lakini kwa dunia si kitu. Hata kikitokea kishimo kidogo mno, na hakuna aliyewahi kukiona, hesabu za wataalamu zinasema kitapotea kabla hujapepesa jicho."

"Zinasema," alirudia Fundi Rangi. "Hesabu zikikosea je?"

Mama Mifupa alinyoosha kidole juu. "Swali zuri. Ndiyo maana hawakutegemea hesabu peke yake. Tazama juu. Kutoka angani, chembe zinaigonga dunia mchana na usiku, na nyingine zina nguvu kuliko za mashine yoyote ya binadamu. Zimegonga tangu kabla ya babu wa babu zetu. Zinaugonga na mwezi. Je, mwezi umemezwa?"

Fundi Rangi alitazama juu, kana kwamba mwezi ungejibu. Mchana ule ulikuwapo kweli, mweupe, kama tone la rangi lililosahauliwa juu ya paa.

"Upo," alisema kwa sauti ndogo.

"Haya. Sasa la pili." Mama Mifupa alimwekea vidonge kiganjani. "Ukikatiza dawa hizi, vijidudu vilivyobaki kifuani vinaweza kuwa sugu. Hapo dawa hizi zitavishindwa. Utahitaji nyingine, kali zaidi, na safari ndefu zaidi. Utaanza kukohoa tena, na wa kwanza kuvuta hewa yako ni mtoto wako. Mimi nimepiga picha za watu wa hivyo. Sipendi kuzipiga mara ya pili."

 Fundi Rangi alivitazama vidonge kiganjani.

"Na ule mkojo?" aliuliza.

"Rangi ya dawa tu. Wewe ni fundi, ungelijua hilo. Kichefuchefu kakiseme kliniki. Watakusikiliza, watakupangia namna ya kumeza. Lakini usijipangie. Wala usivimeze vyote kumi na viwili kwa pamoja ukidhani unafidia."

Fundi Rangi alikuwa tayari amevisogeza mdomoni. Akavishusha.

Walikwenda kliniki saa ile ile, Dobi na mumewe, makoti ya Mama Mifupa yakibaki kwenye beseni. Mwenyewe hakulalamika. Nesi aliuliza maswali mengi, akampima, akamwanzishia dawa tena. Zile siku nne aliziongeza mwishoni. "Umekuja mapema," alisema. "Ungekaa mwezi, tungezungumza mengine."

Jioni hiyo Dobi alikaa kwenye kigoda, akashika simu. Alijua aliowatumia. Thelathini na mmoja. Akabonyeza, akasema kwa sauti yake mwenyewe:

"Mimi ni Dobi. Nguo zenu huwa nageuza mifuko kabla ya kufua, mnajua. Ule ujumbe wa shimo jeusi niliwatumia bila kugeuza mfuko. Sikuuliza ni nani anasema, amejuaje, na yuko wapi. Mume wangu aliacha dawa kwa sababu yangu. Mashine ile haimezi dunia. Kama kuna aliyeacha dawa, shule au kazi, arudi. Nisameheni."

Kabla hajalala alipata majibu kumi na tisa. Mteja mmoja alikuwa amekataa kupanda mbegu zake. Mwingine alikuwa amemwambia bosi wake maneno ambayo sasa hakujua atayarudishaje.

Alhamisi ilifika. Fundi Rangi alishinda juu ya ngazi anapaka ukuta. Binti yao alirudi shuleni, akamkuta, akasimama chini.

"Baba, tumemezwa?"

"Bado. Shika brashi hii, nimalizie pembe. Na zile hesabu?"

"Zimebaki mbili."

Miezi ya dawa iliisha, na siku nne juu yake. Kliniki walimpima, wakamwambia amepona. Mama Mifupa alimpiga picha ya mwisho, na kifua kilikuwa safi. "Sasa umependeza," alimwambia.

Siku iliyofuata Dobi aliishusha ovaroli msumarini. Akageuza mfuko wa nyuma, akageuza wa mbele. Kwenye wa kifuani vidole vyake vilikutana na kitu kigumu, na moyo ukamruka.

Akakitoa. Lilikuwa ganda la vidonge la mwisho. Kila kitundu kilikuwa kimetobolewa, hakuna kilichobaki ndani.