Harufu ya Mikate

Akina mama wenzangu, nisomeni, na mkimaliza mwambieni na jirani.

Kila Jumapili jioni nilikaa nachambua mchele, simu mapajani, nikimsubiri kitindamimba wangu. Ni fundi cherehani, aliolewa akahamia nchi ya mbali. Tulicheka mpaka mbavu ziume. Kisha akaanza kuongea kama anayesoma barua: "Wote wazima, mama." Kumbe mumewe yuko pembeni anasikiliza, na pasipoti ya mwanangu kaifungia kabatini.

Siku moja akaninong'oneza kutoka bafuni kwamba anapigwa. Nilimjibu nini? "Vumilia, mwanangu. Nyumba husitiri mambo."

Akavumilia mpaka akafikishwa hospitali. Mume ndiye aliyemtafsiria: ameteleza ngazini. Muuguzi hakuridhika. Akamtoa mume nje, akatafuta mkalimani kwa simu. Jioni ile mwanangu akapelekwa kwenye nyumba ya siri ya wanawake wanaokimbia vipigo.

"Mama, usimwambie mtu. Hata shangazi."

"Uko wapi?"

"Siruhusiwi kusema. Ila asubuhi tunaamshwa na harufu ya mikate, inaokwa ukuta wa pili." Akacheka. Mwaka mzima sikuwa nimesikia kicheko hicho.

Wiki hiyohiyo mkwe akapiga, analia. "Mama, nimekosa. Nataka nimpigie magoti tu."

"Usilie, baba. Yuko salama."

"Anakula lakini?"

"Atakosaje, naye anaamshwa na harufu ya mikate?"

Akaacha kulia. "Ahsante, mama."

Jamani, mtaa sikuutaja. Lakini mkwe wangu ni dereva, anasambaza unga. Tanuri zote za mji ule anazijua kama vidole vyake.

Akaipata yenyewe, akangoja nje siku mbili. Siku ya tatu mwanangu akatoka kununua sabuni.

Mkwe yuko jela. Mwanangu yu hai, ila mkono wake wa kulia haushiki tena sindano. Jumapili bado anapiga, namba haionekani. Namuuliza amekula nini, ananijibu kwa upole. Anapoishi haniambii, nami siulizi.

FUNZO

Mtoto akikuambia anapigwa ugenini, usimwambie avumilie. Kule hana shangazi wa kumkimbilia, ana sikio lako tu. Mwambie aende kwa muuguzi, aombe mkalimani asiye mumewe. Na akishatoka, siri yake imeze, hata mkwe alie machozi ya damu. Usimpe hata neno dogo la kumtuliza.

Mimi nilidhani napatanisha.