Mwanga Ndani ya Mabehewa ya Babu

Kila Jumamosi asubuhi, akishamaliza kuosha vyombo na kuanika sare zake za shule, Chiriku alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma kumsaidia babu yake. Jina hilo la utani alipewa na babu mwenyewe, kwa sababu tangu ajue kusema hakujua tena kunyamaza. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na mdomo wake ulikuwa haujapata likizo.

Babu alikuwa mkaguzi mstaafu wa tiketi za treni. Kwa miaka thelathini alipita katikati ya viti vya abiria, behewa hadi behewa. Sasa alikuwa akitengeneza mfano mdogo wa treni ile, wa kukaa juu ya meza: kichwa kimoja na mabehewa manne ya mbao nyembamba, yenye viti vidogo kama kucha. Mkutubi wa maktaba ya mtaani alikuwa amemwomba aipeleke kwenye maonyesho ya mwisho wa mwezi. Kilichobaki ni taa tu.

Babu alijua alichotaka. Mabehewa yale ya zamani, alieleza, yalikuwa na mwanga mwanana wa manjano, hata abiria aliyechoka akaonekana ana siha njema. Akamtuma Chiriku duka la vifaa vya umeme akanunue taa ndogo za LED. "Sema unataka zenye mwanga wa joto," alimwambia. "Joto, usisahau."

Dukani watu walikuwa wengi. Muuzaji, huku akizungumza na mteja mwingine, aliweka pakiti mbili juu ya kaunta akamwambia achague. Zilifanana kama mapacha, isipokuwa moja iliandikwa 2700 na nyingine 6500. Chiriku alikuna kichwa. Ikiwa namba ile inapima joto, basi kubwa ndiyo yenye joto zaidi. Alichukua ya 6500, akaomba na nyingine kama hiyo, akarudi nyumbani akijiona mjanja.

Walifunga taa katika behewa la kwanza. Babu alimuuliza mara mbili waya upi ni mwekundu, naye akadhani anapimwa. Kisha babu akabonyeza swichi.

Mwanga uliotoka ulikuwa mweupe, mkali, wenye ubuluu kwa mbali. Viti vya kahawia viligeuka kijivu. Chiriku alijua mara moja kwamba ameharibu, akasubiri kukemewa. Lakini babu aliinama hadi pua yake ikakaribia kugusa paa, akatabasamu.

"Hapo sasa. Hii ndiyo rangi yenyewe. Ni ya manjano, au siyo?"

Chiriku alitazama tena. Nyeupe. Akamtazama babu, mtu aliyeishi ndani ya mabehewa yale miaka thelathini.

"Ndiyo, babu," alisema. "Ni ya manjano."

Tangu hapo mambo yakamchanganya. Huenda macho yake ndiyo mabovu. Darasani alitazama chaki ya njano akaiona njano. Alifumba jicho moja, kisha la pili. Yote mawili yalimwambia jambo lilelile. Au mwanga una njano inayoonekana na wazee peke yao? Hakumuuliza mtu. Mezani alikula kimya, na kimya chake kikamtia mama wasiwasi kuliko kelele zake zote.

Jumatano alirudi dukani na pakiti ambayo haijafunguliwa bado. Safari hii muuzaji alikuwa na nafasi. Alimweleza kwamba namba zile huwapoteza wengi, kwa sababu zinakwenda kinyume na tunavyosema. Chuma kikianza kushika moto huwa chekundu, kikizidi huwa cha manjano, kikizidi sana huwa cheupe. Namba inafuata moto huo. Watu, wao, huita manjano rangi ya joto kwa sababu inawakumbusha mshumaa na jiko. "Kwa hiyo ukitaka joto la macho," alisema, "chukua namba ndogo." Akambadilishia pakiti.

Macho ya Chiriku yalikuwa mazima, basi. Lakini njiani fumbo likawa kubwa zaidi. Kama taa ni nyeupe, babu aliionaje manjano? Akakumbuka maji ambayo babu aliyamimina nje ya kikombe, na gazeti ambalo siku hizi alilisoma dirishani tu, akilalamika kwamba wanachapa kwa wino hafifu. Angeweza kubadilisha taa kimyakimya, na hakuna ambaye angejua. Alisimama mlangoni na pakiti mkononi, kisha akaingia akasema yote: namba, taa nyeupe, na uongo wake.

Babu hakufurahi. "Macho yangu hayajaniangusha hata siku moja," alisema, akaendelea kupiga msasa ubao ambao tayari ulikuwa laini.

Mama alikuwa amesikia. Hakubishana naye. Alimwomba Chiriku afunge taa mpya katika behewa la pili, kisha akayaweka mabehewa mawili bega kwa bega na kumuuliza babu anaona nini. Babu alitazama kwa muda mrefu.

"Hili la kwanza ni zuri," alisema. "Hilo la pili lina kama moshi ndani."

Mama na Chiriku wakatazamana. Hapakuwa na moshi.

Kesho yake walikuwa kliniki ya macho. Daktari alimmulika babu akasema ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Lenzi ndani ya jicho imeingia ukungu na kugeuka manjano polepole, kwa miaka, ndiyo maana mwenyewe hakushtuka. Angechelewa zaidi angefika asione mlango. Wiki iliyofuata alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia.

Alipotolewa bandeji na kupumzika, alikwenda chumba cha nyuma, akafunika jicho la kushoto kwa kiganja na kuwasha behewa la kwanza.

"Nani ameniwekea chumba cha upasuaji ndani ya treni?" aliuliza.

Chiriku alicheka, kisha akainamisha kichwa. Alimwomba radhi tena kwa kumdanganya.

Babu alimvutia kiti. "Ulinidanganya kwa heshima," alisema, "na uongo wa namna hiyo mtu huupokea bila kuuchunguza. Mimi nami nilikuwa najidanganya kuhusu lile gazeti, kwa kuogopa hospitali. Tungenyamaza wote wawili, ningepofuka huku nikisifu taa. Siku nyingine ukiona nyeupe sema nyeupe, hata kama anayesema njano ni babu yako. Sema kwa adabu, lakini sema."

Walibadilisha taa zote wakatia za 2700, na juu ya kila moja wakabandika kipande cha karatasi nyembamba ili mwanga usichome. Siku ya maonyesho walifika maktaba kabla ya milango kufunguliwa, wakaipanga treni juu ya meza, babu akabonyeza swichi.

"Haya, mjukuu wangu. Unaona nini?"

Safari hii Chiriku hakukimbilia kujibu. Alitembea kutoka behewa la kwanza hadi la mwisho, akichungulia kila dirisha.

"Manjano nzuri, babu," alisema. "Ila la tatu linawaka na kuzima."

Babu akatoa bisibisi mfukoni, akaanza kulifungua paa.