Nenosiri Jipya

Mimi hayakunikuta, yalimkuta shoga yangu, fundi cherehani. Alinunua simu mpya ili amwone mjukuu aliyezaliwa ng'ambo, lakini nenosiri la intaneti ya nyumbani alilijua marehemu mumewe peke yake.

Fundi wa mtandao akamwelekeza kwa simu: "Mama, ingiza sindano kwenye kitundu cha nyuma ya ruta, shikilia mpaka taa zizime. Kisha weka nenosiri jipya, usimwambie mtu."

Akaweka vipimo vya shati la mwisho alilomshonea mumewe. Taa zikawaka. Nyumba kimya.

Mara, kwenye giza la kabati lililofungwa, simu ya marehemu, iliyokaa miezi saba bila chaji, ikaanza kuingiza meseji: ti, ti, ti.

Ile mpya ya shoga yangu bado ilikuwa inatafuta mtandao.