Maji ya Jumamosi

Asubuhi hiyo Nelvine alikuwa ameshika kamba ya ng'ombe. Ilikuwa Jumamosi, na kila Jumamosi kijijini kwao, juu kidogo ya Mogogosiek, watu hupiga ng'ombe dawa ya kupe. Jumapili ni ya kanisa, na siku zingine ni za kuchuma majani chai.

Baba yake, Kipkemoi, alijaza pampu maji ya kijito, akaibeba mgongoni na kumpulizia ng'ombe dawa kuanzia masikioni mpaka mkiani. Alipomaliza aliisuuza palepale kijitoni. Povu jeupe liliteremka polepole, likaelekea chini, mahali ambapo bomba la mradi wa maji huchukua maji ya kijiji kizima.

Nelvine aliliangalia lile povu na hakuhisi kitu. Tangu mdogo wake Kipkirui alazwe hospitali alikuwa hivyo, kama mkono uliolaliwa usiku kucha.

"Shika kamba vizuri, wewe!" Baba alisema. "Umelala ukiwa umesimama?"

Kipkirui alianza kutapika Jumapili moja baada ya chai. Akapona, kisha akatapika tena, tena Jumapili. Mama alichemsha maji mpaka sufuria ikaimba, lakini chai bado ilikuwa na harufu.

"Ni majani ya kiwandani yamebadilika," Mama alisema. Nelvine aliijua hiyo harufu. Ilikuwa kwenye shati la Baba kila Jumamosi. Akanyamaza.

Jumanne, afisa wa maji, Bi Jerusa, alikuja shuleni kupima maji. Kama kawaida alikuwa amepiga simu mapema, kwa hivyo kamati ya mradi ilikuwa imefyeka nyasi na kuosha tangi.

"Leo maji ni smati kama bwana harusi," Clifford wa darasa la Nelvine alinong'ona kwenye foleni. Wenzake wakacheka.

Bi Jerusa alijaza chupa zake kwenye mfereji. "Kila nikipima, maji ni safi," alisema. "Lakini bado nasikia watoto wanaugua. Kuna mtu anajua kitu?"

"Uliza Nelvine, madam!" Clifford akasema. "Ndugu yake ndiye ako hospitali. Lakini huyo hata akikanyagwa hasemi."

Nelvine aliinamisha kichwa. Akisema, kijiji kizima kitajua ni pampu ya baba yake. Asiposema, Kipkirui atarudi nyumbani, Jumamosi itafika, na chai itapikwa.

Bi Jerusa alikuwa anafunga mlango wa gari aliposikia sauti nyuma yake.

"Madam, usikuje Jumanne."

"Nije lini?"

"Jumamosi. Na usipige simu."

"Kuna nini Jumamosi?"

"Tunapiga ng'ombe dawa. Huko juu ya bomba. Baba yangu ndiye huanza." Nelvine alisema kama mtu anayesoma ubaoni, kisha akarudi darasani.

Jumamosi Bi Jerusa alipanda mlima kwa miguu, akifuata kijito, chupa zikigongana ndani ya mfuko wake. Alimkuta Kipkemoi akisuuza pampu, Nelvine kando yake ameshika kamba ya ng'ombe.

"Chamgei, mzee," alimsalimu.

"Chamgei mising."

Bi Jerusa alichota maji yenye povu. "Mzee, haya maji yanaenda wapi?"

"Chini."

"Chini kwa nani?"

Baba aliangalia bomba. "Si tunachemsha?"

"Kuchemsha huua vijidudu, mzee. Hii dawa haifi. Inabaki kwa sufuria, mnaipikia chai. Mimi nikija Jumanne, imeshapita na maji, siioni."

Baba aliweka pampu chini, akakaa kwenye nyasi iliyolowa. Kisha alimtazama Nelvine, na Nelvine akatazama kamba.

Majibu ya ile chupa yalikuwa mabaya. Bomba likafungwa kwa muda, na ofisi ya maji ikaita mkutano. Ikakubaliwa kwamba ng'ombe watapigwa dawa kwenye boma jipya, mbali kabisa na kijito. Baba alikuwa wa kwanza kuchimba mashimo ya nguzo. Hakumgombeza Nelvine. Hakumsemesha pia.

"Kosa si lenu peke yenu," Bi Jerusa aliambia mkutano. "Sisi tulikuwa tunapiga simu kwanza, na nyinyi mnatutengenezea maji kama mnavyotengenezea wageni chai. Ukipima maji siku ya wageni, umepima adabu ya watu, hujapima maji. Sasa tutakuja bila kuambia mtu, na tutaanzia kijitoni. Na nyinyi watoto, mkijua kitu kinachoumiza watu, semeni, hata kama kinaanzia kwenu nyumbani. Kunyamaza hakungemponya Kipkirui."

Ijumaa moja, bomba likiwa limefunguliwa, Kipkirui alirudi. Alikunywa chai, akapanguza mdomo na kuomba nyingine. Nelvine alingoja furaha ije. Ilikuja kidogo kidogo, ikiwasha, kama ule mkono unapoanza kuamka.

Alichukua simu ya Mama akamwandikia Bi Jerusa kwa namba aliyoiacha mkutanoni: *Madam, ni Nelvine. Kipkirui amerudi. Kesho ni Jumamosi. Mtakuja?*

Simu ilionyesha kwamba ujumbe umesomwa. Aliosha vikombe, akavipanguza, akaangalia tena.

"Anasemaje?" Baba aliuliza kutoka mlangoni. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa Nelvine tangu mkutano.

"Hajajibu. Si alisema watakuja bila kuambia mtu?"