Maji Maangavu ya Nyamkole

Mashine ya Mwonjamaji iliramba maji ya ziwa kwa ndimi zake za kioo, ikatulia kidogo, kisha ikachagua dawa. Papo hapo kloridi ya chuma ikamiminika ndani ya tangi. Maji yalikuwa yameingia mekundu kama chai ya rangi, yamejaa uozo wa mafunjo na mwani ulioyeyuka. Sasa uozo ule ukashikana, ukawa mabonge, mabonge yakazama, na juu yakabaki maji maangavu kama machozi.

Wageni wa jiji la Nyamkole wakapiga makofi. Mhandisi Kokusima, aliyeiunda mashine hiyo, hakupiga. Alimvuta mkurugenzi wake pembeni.

"Bwana Rugemalira, dawa hii inayatia maji ukali. Huku milimani mabomba ni ya plastiki, hayana neno. Kule Bondeni ni ya zamani, ya madini ya risasi. Maji yanayala, na watu wanakunywa sumu. Turudi kwenye shabu, ile dawa ya zamani, mpaka tubadilishe mabomba hayo."

"Shabu haiondoi uozo wote."

"Haiondoi. Maji yatabaki na rangi, lakini ni mapole."

"Wewe mwenyewe uliiambia mashine ichague dawa inayoshinda zote kwa kutoa uozo. Imechagua. Leo unamkana mwanao?"

Kokusima akarudi kwenye tangi, ila moyo haukumtulia. Bondeni ndiko alikoishi kaka yake. Binti wa kaka yake, Atugonza, zamani alikuwa akisoma hadithi kwa sauti hadi majirani wakasogea dirishani. Tangu mashine iwashwe, miezi kadhaa iliyopita, alikuwa akisahau herufi, akishinda amejikunyata na kushika tumbo. Kokusima alimpima damu mwenyewe kwa mashine ya maabara, akaikuta risasi.

Asubuhi iliyofuata aliizima Mwonjamaji, akafungulia shabu kwa mkono.

Kufikia adhuhuri maji ya jiji zima yalikuwa ya manjano. Watu wa milimani walipiga simu. Watu wa Bondeni walikuja kwa miguu na madumu yao, wakamwaga maji hayo langoni mwa mtambo. Kokusima akatoka kuwaeleza kuhusu risasi.

"Risasi gani hiyo isiyoonekana?" mtu akamdakia. "Uchafu tunauona!"

Kabla jua halijazama alikuwa amefukuzwa kazi, na Mwonjamaji imewashwa.

Kesho yake alikwenda Bondeni. Alimkuta Kemilembe, mama yake Atugonza, akikinga maji bombani kwa kikombe, mtoto kando yake, uso umemchangamka.

"Afadhali yamerudi, wifi. Jana ulitutia aibu mtaa mzima."

"Usimpe mtoto, nakusihi. Vipimo vya damu yake nilikuonyesha."

"Vipimo vimetoka kwenye mashine. Maji haya nayo yamesafishwa na mashine, tena uliyoiunda wewe. Niamini ipi?"

Kokusima akanyoosha mkono akishike kikombe. Wifi yake akakivuta, akampa mtoto. Atugonza akakipokea kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa adabu, akanywa yote.

"Asante, mama," akasema, kisha akamgeukia Kokusima, akamtazama kwa muda mrefu. "Na huyu ni nani?"